Mwenye Duka Ametoka

Fremu ya kwanza ilimfanya mwokaji afanane na mtu aliyekuja kukagua mitaro. Ya pili, nyeusi na nene, mkewe alisema hiyo haihitaji hata uso, inajitosheleza. Walikuwa wamesimama mbele ya kabati la fundi miwani anayeuza fremu za zamani, kwa sababu mkataba wa chumba cha duka lao la mikate ulikuwa unakwisha, mwenye jengo alikuwa anakuja na karatasi mpya, na mwokaji siku hizi alikuwa haoni herufi yoyote iliyo ndogo kuliko andazi. Muuza simu wa jirani alikuwa ameshakimezea mate chumba hicho. Hili halikuwa jambo la kukisia.

Mkewe akapenyeza mkono nyuma ya kabati, akachomoa fremu ya mviringo ya waya mwembamba, dhahabu iliyofifia, ambayo mikono yake ilijikunja nyuma ya sikio na kulishika. Akamvisha mwenyewe, akarudi nyuma, akainamisha kichwa.

"Hii sasa," alisema. "Hata pua imepata heshima."

Fundi alikuwa mtu mkweli, akawaeleza. Ilivaliwa na mama mmoja aliyekuwa naibu mkuu wa shule maisha yake yote, chini ya wakuu waliokuja na kuondoka bila kumsikiliza. Waya umeshazoea, alisema, na kama wangependa angewatafutia nyingine. Lakini mwokaji alikuwa ameshajitazama kwenye kioo na kujipenda, basi hakuuliza umezoea nini. Fundi akatia lenzi za kipimo chake, akakunja mikono ya fremu kidogo kwa koleo, wakaenda zao.

Asubuhi iliyofuata mwokaji aliona ufa kwenye tofali la tanuri, na mvi mpya karibu na sikio la mkewe, ambazo zilimpendeza. Kisha akaingia mteja wa kwanza. Mkewe akamwambia mikate ya duara bado kidogo, asubiri. Maneno yalitoka mdomoni mwake kwa mpangilio mzuri, yakafika katikati ya kaunta, yakaanguka. Mwokaji aliyaona vizuri kabisa, meupe na madogo kama chenga za mkate mkavu. Mteja alitupa jicho juu ya bega la mke wa mwokaji, akauliza kama mwenye duka yupo.

Mwokaji akamjibu kwamba mwenye duka ni wao wawili na mikate inakaribia kuiva. Yake nayo yakaanguka palepale. Mteja akasema basi atarudi baadaye, mwenyewe akiwepo.

Mkewe alichukua brashi ndogo, akazoa chenga zote kwenye kisahani, akazimimina katika unga aliokuwa akiukanda. Mwokaji alikuwa amemwona akifanya hivyo kila siku.

"Siku zote hizi ni maneno?" aliuliza.

"Tangu tufungue," alisema mkewe. "Kuyatupa naona vibaya. Na mkate unaumuka vizuri."

Hilo lilikuwa kweli. Mkate wao ulisifiwa mtaa mzima. Watu walisema ukiula unatulia kidogo, unajihisi kama umekaripiwa na mtu anayekupenda, na wengine walitoka pale wakaenda kuwajulia hali mama zao. Mwokaji alidhani ni tanuri lake. Alikuwa amelisimulia sana tanuri hilo, mpaka marafiki zake wakawa wanabadilisha mada.

Jioni, nyumbani, aliyakuta maneno na huko. Yalikuwa ndani ya ndara zake, chini ya redio, kwenye mfuko wa koti lake la kutokea, na kando ya kiti chake yalikuwa yamefanya kichuguu. Nyumbani hapaingii mteja. Alipiga magoti, akaanza kuyasoma moja moja kwa ile miwani, kwa sababu ukiyasogeza karibu yalisomeka. Mengi yalihusu goti lililokuwa likimuuma mkewe. Moja lilisema: umependeza.

"Hili la lini?" aliuliza.

Mkewe alilitazama. Akasema ni la zamani, la siku ile mwokaji alipovaa shati la buluu, naye alikuwa anasikiliza mpira redioni. Mwokaji aliona aibu, akasema kwamba anaona aibu. Akalitia neno lile ndani ya kibweta cha miwani, kisha akauliza habari za goti.

Mwenye jengo alikuja siku aliyosema, karatasi kwapani. Mke wa mwokaji alimkaribisha kiti, akamweleza walichokubaliana yeye na mumewe: wanataka mkataba mrefu, na dari la juu ya tanuri litengenezwe, maana linavuja. Maneno yakaangukia viatu vya mgeni. Mwokaji akayarudia kwa kifua chote. Yakaangukia juu ya yale ya mkewe. Mwenye jengo akajipangusa suruali, akasema hana siku ya kupoteza, na kama mwenye duka hayupo, muuza simu yupo na yuko tayari kuweka sahihi. Akainuka.

Mke wa mwokaji aliivua ile miwani usoni mwa mumewe, sikio moja, kisha la pili, taratibu kwa sababu mikono ya miwani huvuta nywele, akaitia mfukoni mwa aproni.

"Ah, kumbe umesharudi," alisema mwenye jengo, akaketi.

Duka lilikuwa limegeuka ukungu. Mwokaji akasema yale yale, kwa utaratibu ule ule. Mwenye jengo alitikisa kichwa kukubali kila moja, akasifu hasa wazo la dari.

"Si langu," alisema mwokaji. "Mke wangu amekwambia sasa hivi. Duka hili ni lake kama lilivyo langu."

Hakuweza kuyaona, lakini aliyasikia yakidondoka kwenye kaunta, kama mchele unaomwagika kwenye sinia. Mwenye jengo akayaongeza yote kwenye karatasi, akamsogezea mwokaji aweke sahihi. Mkewe, aliyekwisha kuzisoma herufi ndogo zote, akamshika mumewe kidole na kukipeleka mahali pake. Mgeni aliondoka na mkate kwapani, akimwambia mwokaji kwamba mkono wake una baraka.

Chumba kilikuwa chao. Kisha mwokaji akanyoosha mkono, akaomba miwani yake.

"Dukani usivae," alisema mkewe. "Angalau mmoja wetu awe anasikika."

"Wakija na karatasi nitaivua. Siku nyingine nataka kukuona."

Mkewe akaitoa kwenye aproni, akaifuta unga, akamvisha.

"Umependeza," alisema.

Neno lilivuka kaunta yote, likafika.

Mlango ukafunguliwa. Mteja akaangalia huku na huku, akauliza kama mwenye duka yupo.

"Ametoka," walisema wote wawili.

Hilo alilisikia vizuri. Akasema atamsubiri, wakampa kiti.