Dirisha Pana la Sebuleni

Agripina alikuwa amekwisha kuchagua. Hilo lieleweke mapema, maana baadaye watu wa ukoo walieneza kwamba binti hakujua anachotaka, na kwamba baba yake mdogo ndiye aliyemwokoa.

Vyuo vitatu vilimkubali kwa mpigo. Cha Dar es Salaam na cha Mbeya vilimpa usanifu majengo, miaka mitano. Cha Mwanza kilimpa ualimu wa fizikia na hesabu, miaka mitatu. Hicho cha tatu alikiomba ili kumridhisha baba mdogo tu, kama mtu asiyekunywa anavyoonja pombe ya rubisi asimvunje moyo mwenyeji. Kichwa kilimuuma kati ya Dar na Mbeya. Kila aliyemuuliza pale kijijini kwao Nyamiaga, Ngara, alimwambia nenda Dar, na ukimuuliza kwa nini, anakwambia kwa sababu ni Dar. Lakini Claudia, aliyemtangulia shule, alikuwa amemaliza mwaka wa kwanza Mbeya, akamsimulia habari za karakana yao. Wanafunzi wanamimina zege, wanaliacha likomae, kisha wanaligandamiza kwa mashine mpaka lipasuke, wajue limestahimili mzigo kiasi gani.

Kutwa nzima Agripina hakuwaza kingine. Tangu utoto alikuwa akitazama nyumba na kujiuliza kwa nini haianguki. Alimsumbua baba yake, mzee Ndayisaba, mpaka mzee akahamisha dirisha la jikoni, na moshi uliokuwa ukimliza mama yake miaka yote ukapata njia ya kutokea. Siku ya kwanza alipofika Biharamulo kusoma kidato cha tano wenzake walikimbilia sokoni. Yeye alikwenda kwenye boma la Wajerumani, akanyoosha mkono kwenye dirisha apime unene wa ukuta. Basi, akaamua Mbeya. Aliamua akiwa shambani anapalilia maharage, na moyo ukatulia.

Sasa, ukikubaliwa na vyuo kadhaa, sharti uthibitishe kimoja, na namba ya kuthibitisha hutumwa kwenye simu uliyoandikisha. Agripina aliandikisha simu ya baba mdogo Nduwayo, mwalimu mkuu huko Biharamulo, kwa sababu ndiye aliyemsomesha kidato cha tano na cha sita na maombi yote yalifanyikia kwake. Nduwayo alikuwa mtu mwema, na hapo ndipo shida ilipokuwa. Mtu mbaya ungemkimbia.

Alipompigia kumwomba ile namba, Nduwayo alimjibu, "Mambo ya chuo hayazungumzwi kwenye simu, mama. Njoo nyumbani tukae."

Agripina hakuona ubaya. Kwao jambo zito huzungumzwa watu wamekaa. Akapanda basi la asubuhi, na njia nzima alikuwa akipanga maneno: karakana, bei ya vyumba, hali ya hewa ambayo haitamtesa mtoto wa Ngara.

Alimkuta Nduwayo kibarazani mwa nyumba aliyopanga, na mkewe Benedicta akimimina chai.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba. Hongera, mwalimu!"

Agripina akacheka, akidhani ni utani. Nduwayo naye akacheka, akamsogezea kiti. "Nimekwisha kukuthibitishia. Mwanza. Jana hiyo hiyo namba ilipoingia, sikukawia."

"Baba mdogo, si ulisema nije tuongee?"

"Si ndiyo tunaongea?"

Akaongea, tena kwa ufasaha, maana kazi yake ilikuwa kuongea mbele ya watoto wasioruhusiwa kujibu. "Miaka mitano, Agripina! Halafu urudi huku umchoree nani? Kwetu nyumba inajengwa kwa macho. Fundi anakuja, anapiga hatua, anajenga, watu wanahamia. Umewahi kuona mtu Ngara anamlipa mtu achore mistari? Mwalimu wa hesabu hakosi kazi. Utanishukuru."

Kutengua uthibitisho kuliwezekana bado. Namba nyingine ingetumwa kwenye simu ile ile. Agripina akamwambia hivyo, akamwomba. Nduwayo akaichukua simu yake mezani, akaitia mfukoni. Wala hakukasirika.

Agripina alimchukia. Alimchukia pale pale, mkononi ameshika kikombe cha chai yake, akaona aibu kumchukia mtu aliyemlipia hadi sare za shule, na aibu ile haikuipunguza chuki hata chembe. Akaazima simu ya Benedicta, akampigia baba yake.

Mzee Ndayisaba akamsikiliza hadi mwisho. "Usitukane wakunga na uzazi ungalipo," akasema. "Wadogo zako wawili bado wanamtegemea huyo huyo. Vumilia, mwana wanje." Akamwita mwanangu kwa Kihangaza, kama alivyokuwa akimwita alipougua utotoni, na hilo ndilo lililomliza.

Kesho yake Nduwayo akampeleka kuona kiwanja chake. Matofali ya kuchoma yalikuwa yamerundikwa hapo tangu mwaka juzi, nyasi zimeota juu yake. Msingi ulikuwa umechimbwa, ukafukiwa, ukachimbwa tena upande mwingine, kwa sababu kila fundi aliyepiga hatua alipata vyumba vyake.

"Wa mwisho aliniwekea mlango wa choo ukitazamana na meza ya chakula," Benedicta alilalamika. "Wageni wawe wanakula huku wanasikiliza!"

Nduwayo akageuka, uso mkavu bila haya. "Hebu, Agripina, kabla hujaenda Mwanza. Nichoree karamani kadogo. Wewe mambo haya unayaweza."

Mtu mwingine angemtupia kalamu usoni. Agripina aliichukua. Alijiambia anamfanyia Benedicta, lakini tuseme ukweli: alikuwa na njaa ya kazi ile, na mwenye njaa haulizi sahani ni ya nani. Alichora siku nzima. Aliweka jikoni upande unaopeleka moshi nje, akaficha choo nyuma ya ukumbi mdogo, na sebuleni akaweka dirisha pana, linaloanzia karibu na kona moja hadi karibu na nyingine, ili mtu akikaa ndani aone kilima chote.

Fundi Elick alikuja kuitazama ramani, akaitikia kwa kichwa mpaka alipofika kwenye lile dirisha.

"Dada, pana hivi? Lenta ya zege itakayobeba ukuta juu yake niiweke nondo za aina gani? Na ikalie ukuta kiasi gani huku na huku?"

Agripina akaukodolea macho mchoro wake. Alijua mwanga utaingia saa ngapi na utaangukia wapi. Hilo la nondo hakulijua. "Weka kama unavyoweka siku zote," akasema.

Akaenda Mwanza. Akasoma ualimu, akafaulu mitihani, akawa anafundisha wenzake waliokwama, na kila Claudia alipomtumia picha za karakana alizifuta bila kuzifungua.

Alikuwa mwaka wa pili nyumba ilipokwisha. Likizo ikakuta padri amealikwa kuibariki, na ukoo ukaja kutoka Nyamiaga na Kibimba, mzee Ndayisaba akiwa ndani ya koti lake la Krismasi. Nyumba ilikuwa imesimama kama Agripina alivyoichora, tofali kwa tofali. Aliingia sebuleni, akaona mwanga umeanguka sakafuni pale pale alipopanga uanguke. Akafurahi, na furaha hiyo ikamuuma vibaya.

Baada ya baraka na pilau Nduwayo akasimama. "Mnaona nyumba hii? Aliyeichora ni huyu binti yetu. Bila chuo! Sasa niambieni, hiyo miaka mitano angekwenda kutafuta nini?" Watu wakapiga makofi. Mzee Ndayisaba naye akapiga, akimtazama binti yake kwa fahari ya kweli.

Wageni walipotoka uani kunywa, Nduwayo akamvuta Agripina na Benedicta hadi kwenye lile dirisha. Akashusha sauti.

"Na hii ni nini, mwalimu?"

Ufa mwembamba ulianzia kwenye kona ya juu ya dirisha, ukapanda mshazari kwenye ukuta hadi karibu na dari. Elick aliuziba mara mbili kwa saruji, na mara mbili ukarudi.

"Ni ufa, baba mdogo."

"Ufa nauona. Umetokana na nini? Utaishia hapo au utaendelea? Si wewe uliyechora?"

Agripina akaupitishia kidole toka chini, polepole, hadi mkono ulipokoma kufika.

"Sijui," akasema. "Hilo ndilo nililokuwa naenda kujifunza Mbeya."

Nduwayo akautazama tena ule ufa. Agripina akangoja, kama mtu aliyebisha hodi na kusikia nyayo ndani. Kisha Nduwayo akacheka, akampiga begani.

"Basi lisikusumbue. Ukihitimu ualimu wako tutatundika hapa picha yako umevaa joho. Itauziba."

Benedicta alikuwa ameshanyoosha viganja ukutani, akipima ukubwa wa fremu.