Talkini ya Bi Twaiba

Kaka yangu Swabir anasoma historia ya Kenya chuo kikuu, tena si ile ya kukariri majina ya magavana. Yeye anaisoma Kenya pamoja na dunia nzima: nani alimwogopa nani mwaka tulipopata uhuru, meli ya nani ilitia nanga wapi, balozi gani alimnong'oneza waziri gani. Akianza kueleza mezani, wali unapoa. Nampenda kaka yangu, lakini siku hizi nikimwona napandwa na hasira.

Bibi yetu, Bi Twaiba, ndiye aliyetulea hapa Gazi baada ya wazazi wetu kufariki. Alikuja kutoka Pemba mwaka wa sitini na nne, baada ya mapinduzi ya Zanzibar, yeye na babu yetu Sharif. Walipokewa na mzee Chirau, Mdigo mwenye shamba. Mzee aliwakatia kipande akawaambia, "Kaeni. Mkiulizwa, semeni nyinyi ni wanangu." Babu alipokufa alizikwa mumo humo, karibu na mzee Chirau mwenyewe. Bibi hakutaka kingine duniani ila kulazwa ubavuni mwa mumewe. Alikuwa akicheka akisema amechoka kuhamahama, safari hiyo ndiyo ya mwisho na haina mizigo.

Kwetu shamba kama lile halina hati. Ushahidi wake ni minazi na makaburi. Aliyezikwa pale ndiye wa pale. Gazi nzima ilijua kwamba sisi si damu ya Chirau, na miaka yote hiyo hakuna aliyelitamka hadharani. Hiyo ndiyo ilikuwa heshima yao kwetu, nasi tuliilinda kwa kunyamaza.

Basi Swabir akaja na simu yake ya kurekodia, akakaa mkekani mbele ya bibi.

"Shikamoo bibi. Leo nataka unieleze mlivyotoka Pemba."

"Marahaba, mwanangu. Basi nianze na mama yangu. Siku ile alikuwa ameketi uani anachambua karafuu, akaniita, akaniambia—"

"Mama yako tutamfikia, bibi. Kwanza niambie, meli za kigeni mliziona? Za Wamarekani? Za Waingereza?"

Bibi alifikiri. "Niliona bahari, mwanangu. Nilikuwa natapika."

Nilicheka nikiwa jikoni. Swabir hakucheka. Akamwuliza wenye bunduki walivaaje, nani aliwapa silaha, redioni walisikia nini. Kila bibi aliporudi kwa mama yake, Swabir alimrudisha kwa mataifa makubwa. Mwishowe bibi aliona habari za mama yake hazina mteja, akaziacha.

Siku ya wazazi, shule ya sekondari ilimwalika Swabir azungumze. Alitundika shuka jeupe ukutani, akaonyesha ramani, akaonyesha ule ukanda wa pwani uliokuwa wa Sultani mpaka juzijuzi tu kabla ya uhuru, na mishale iliyotoka kila upande wa dunia kuja kuelekea visiwani. Halafu ikatokea picha ya bibi, amejifunga leso, anakodoa macho kwa jua.

"Huyu ni bibi yangu," Swabir alisema kwenye kipaza sauti. "Yeye ni historia ya dunia. Alifika hapa mkimbizi, hana ndugu, hana shibiri ya ardhi, Kenya yenyewe ikiwa changa vile."

Watu walipiga makofi, chifu naye akiwa mstari wa mbele. Mwinga, mjukuu wa mzee Chirau, aliinamisha kichwa akawa anaikunja kofia yake. Wanawe ndio waliopiga makofi kwa nguvu kuliko wote. Walikuwa wameshampata mnunuzi wa Diani anayelitaka shamba lile. Nikajua kile tulichokinyamazia kimeshatamkwa hadharani.

Bibi alifariki kabla ya mvua za masika kuanza, alfajiri, katikati ya dhikri yake. Wanaume walikwenda kuchimba karibu na babu. Hata hawajafika kiunoni, nikamwona Mwinga mlangoni kwetu, kavua viatu.

"Hanifa mwanangu, poleni. Bi Twaiba alinipakata mimi nikiwa mchanga. Lakini wanangu wamesimama pale shimoni na mapanga. Hawakubali."

"Ami Mwinga, ni kaburi tu."

"Wapimaji ardhi watakuja. Kaburi la pili litasema shamba ni lenu." Alikuwa analia. "Tuliweza kunyamaza kwa sababu hakuna aliyesema. Nduguyo kasema mbele ya chifu."

Swabir alikuwa nyuma yake, tope hadi magotini. "Ami, nilikuwa namtukuza."

"Najua, mwanangu," Mwinga alisema. Kisha akaomba maji ya udhu apate kumswalia.

Walimpeleka ng'ambo ya mikoko, kwenye makaburi ya wageni, wanakozikwa watu waliotupwa ufuoni na bahari. Niliambiwa baadaye kwamba shimo lilikuwa linaingia maji, wakayateka kwa makopo. Sisi wanawake tulibaki nyumbani na udi wetu.

Simu yangu ililia. Ilikuwa Swabir.

"Hanifa, sheikh anataka kusoma talkini. Anauliza jina la mama yake bibi."

Nilielewa. Maiti akishafukiwa, sheikh huketi akamwita na kumkumbusha majibu ya kuwapa malaika, na pale mtu haitwi kwa baba yake. Huitwa kwa mama. Niliwageukia wanawake. Mzee wao, Bi Mbeyu, alitikisa kichwa: kwao alikuwa Bi Twaiba tu tangu alipokuja. Hata mimi sikujua.

"Sikiliza rekodi zako," nilimwambia.

Nilisikia upepo, na mtu akikohoa.

"Hamna," alisema. "Kila alipotaka kumtaja nilimkatiza."

Hakukata simu. Nadhani aliisahau mkononi. Nikamsikia sheikh, mbali lakini waziwazi, akianza: "Ewe Twaiba, binti Hawa."

Huitwa hivyo maiti asiyejulikana mamake, aliyeokotwa ufuoni bila mtu wa kumtambua, apewe Hawa, mama wa watu wote. Bibi yetu alikuwa na wajukuu wawili hai, na sauti yake ilikuwa ndani ya simu ile ile aliyoishika Swabir kaburini.