Vyungu Arobaini Visivyoonja Moto

Mji wetu ulipotangazwa Mji wa Utamaduni, tulipiga vigelegele koo zikakauka. Tuliambiwa wageni watamiminika, nasi wafinyanzi wa nyuma ya soko tutauza mpaka udongo utuishie. Picha ya mikono yangu ikabandikwa ukutani, kubwa kuliko duka la dawa. Mikono tu, uso waliona hauuzi.

Haukupita mwezi, akaja afisa wa manispaa na karatasi: moshi marufuku, unawakera wageni wa hoteli mpya.

"Mjukuu wangu, chungu bila moto?"

"Bibi, fanyeni utamaduni wenyewe. Moshi si utamaduni."

Mkamwana wangu, anayechoma vyungu tangu mgongo wangu ugome, akaangua kicheko. "Kwani afisa, kwenu chai mnachemsha kwa makofi?"

Afisa hakucheka. Akageuza karatasi: uwanja wa kuchomea vyungu utakaokaa miezi miwili bila kazi utachukuliwa, uwe maegesho ya magari ya wageni.

Damu ilinipanda. Wanakufunga mikono, kisha wanakuuliza mbona hulimi! Uwanja ule niliachiwa na mama mkwe wangu, na wajukuu zangu wanne wanakula hapo hapo.

Zikiwa zimebaki siku nane miezi miwili itimie, afisa akarudi mbio. Anataka vyungu arobaini vya maji, vya meza ya wageni wakuu, Jumamosi.

"Tuwashe tanuri?"

"Nimeshasema, moshi hapana! Vianikeni juani, jua si moto?"

"Kitendawili," nikamwambia.

"Tega!" akaitikia mkamwana, maana afisa mwenyewe alikuwa anatazama saa.

"Mama yangu maji, baba yangu moto. Baba asiponilea, mama ananiua."

"Bibi, sina muda. Sijui."

"Basi nipe mji."

"Mji gani?"

"Wowote. Huu si mmeshaugawa?"

Akaondoka akisonya. Tukavifinyanga, tukavianika, tukavisugua kwa kokoto vikang'aa kama vioo.

Jumamosi ukumbi ulifurika, mimi na mkamwana tukakaa viti vya nyuma. Wahudumu wakavijaza maji, mkuu wa mji akaanza hotuba ndefu juu ya urithi wetu imara. Hajafika katikati, chungu kilichokuwa mbele yake kikalegea kiuno, kikakaa chini kama mlevi. Cha pili, cha tatu. Tope likashuka kwenye kitambaa cheupe mpaka mapajani mwa wageni.

"Nani kaleta uchafu huu?" mkuu akafoka.

Afisa akaninyooshea kidole. Nikasimama.

"Ni mimi. Nimekatazwa moto, nikaagizwa vyungu. Utamaduni usio na moshi ndio huo, kunyweni!"

Mkuu akamtazama afisa. "Tutaunda kamati," mkuu akasema, akifuta suruali.

Nje, mkamwana akanishika mkono. "Mama, zimebaki siku tatu uwanja uchukuliwe. Kamati itakaa lini?"

"Ikae tu. Sisi tumekaa vya kutosha."

Alasiri ile ile tukapanga kuni na vyungu vilivyobaki uwanjani, tukawasha tanuri. Moshi ukapanda ghorofa kwa ghorofa, madirisha ya hoteli yakafungwa pa! pa! pa! Afisa akatokea na karatasi yake, anakohoa.

"Bibi, mnavunja amri!"

"Hiyo utaniandikia faini, nitakuja kusimama mbele ya hakimu. Lakini kwanza andika hapo: uwanja unafanya kazi."

Machozi ya moshi yalimtiririka. Nilisimama mbele yake, sikusogea hata unyayo, mpaka alipoandika.