Chakula cha Mama wa Italia

...sukari, wameweka sukari, Mungu wangu, nani aliwaambia watu hawa kwamba mchuzi wa nyanya hutiwa sukari kama uji wa mgonjwa, Martina aliwaza, na tonge limemkaa mdomoni halishuki wala halitoki, tambi zimechemshwa mpaka hazina kazi na meno, zinateleza tu, na juu yake soseji za kukatakata, za pinki, pinki gani hiyo jamani, nyama ya mnyama gani, halafu mayonezi, mayonezi juu ya tambi za moto, imeyeyuka imekuwa mafuta... kinyaa kikampanda kutoka tumboni, akakirudisha, akajitahidi kutabasamu na mashavu yamejaa, maana mbele yake binti yake alikuwa ameshika uma anamtazama, hamtazami machoni, anamtazama mdomo. "Ni kama za huko?" Esta alikuwa amemuuliza, sasa hivi tu, na Martina hajamjibu, heri mdomo umejaa, mwenye tonge mdomoni hadaiwi jibu. Walikuwa watatu mezani, yeye na Esta na Dorah, mdogo wake Martina aliyemlelea mtoto, hapo Nyasubi, Kahama, kwenye tawi la Bella Tamu, mgahawa ulioota kila mji kama uyoga, Mwanza upo, Shinyanga upo, Geita ndiyo usiseme, na kila tawi bendera ile ile ukutani na picha ile ile ya mzee mwenye masharubu anayebusu vidole vyake, mzee gani huyo, miaka minane amekaa Ferrara, Italia, hajamwona mwanaume akibusu vidole jikoni, wanaume wenyewe jikoni hawaonekani. Dorah alikuwa akisifia, anasema raha ya hapa ladha haibadiliki, mchuzi unapikwa Dar unaletwa kwenye ndoo, ukila Geita ukila Kahama ni ule ule... naam, ubaya ule ule, uliofunikwa kifuniko ukapandishwa lori, Martina aliwaza, akaitikia kwa kichwa. Angekuwepo Sinyora Pia angeipindua sahani hii juu ya kitambaa cha meza bila kuomba radhi, bibi yule wa Ferrara aliyeuguzwa na Martina, mgonjwa asiyejiweza lakini ulimi wake ulikuwa haujaumwa hata siku moja, alikuwa akisogezewa kiti chake mlangoni mwa jiko na kuamrisha, kitunguu kikatwe mpaka kisionekane, karoti vivyo hivyo, seleri vivyo hivyo, ndipo nyama, ndipo divai, na moto uwe mdogo kabisa, toka asubuhi mpaka watu watoke kanisani, piano, Martina, piano, yaani taratibu, mchuzi ukiharakishwa unakasirika, na Martina akakoroga, akajifunza, akafika mahali bibi anaonja na kunyamaza, na kunyamaza kwa bibi kulikuwa ndiyo sifa. Hata tambi za sukari zina heshima yake bwana, tambi za Mama Nuruddin, jirani yao wa zamani, sikukuu ya Idi anawaletea sahani imefunikwa kawa, zina iliki zina zabibu kavu, zile zinajua kwamba ni tamu na wala hazimdanganyi mtu, lakini hizi... hizi hata hazijui zinataka kuwa nini. Mguu wa Dorah ukamgusa chini ya meza. Mwambie, mguu ulikuwa ukisema. Martina akatafuna kisichotafunika. Atamwambia, ndicho alichokijia, viza ya mtoto ya kwenda naye Italia imetoka, binti wa Sinyora Pia amewapa chumba cha juu, shule imeonekana, Dorah anajua na amelia peke yake chooni akadhani hakusikika, aliyebaki kuambiwa ni mwenyewe Esta, wamekubaliana aambiwe leo, hapa, akiwa na furaha, na Martina toka wamekaa anajisemea akianza kula nitamwambia, akishiba nitamwambia. Alimwacha akiwa wa kubebwa mgongoni, amemkuta wa kuvaa viatu vya namba ya mama yake. Hapa palichaguliwa na Esta. "Twende tukale chakula chako," ndivyo alivyosema asubuhi, amesimama mlangoni, baada ya shikamoo, maana kila asubuhi humwamkia kwa adabu zote, magoti yamekunjwa kidogo, kama anavyomwamkia mama mchungaji, na Martina huitikia marahaba na kitu kinamchoma, Dorah haamkiwi vile, Dorah huombwa chai mtoto hajanawa uso. Chakula chako. Kosa la picha zile, kila Jumapili alipiga picha sahani ya bibi kabla haijaliwa akatuma kwenye simu ya Dorah, mwonyeshe mwanangu, leo mama kapika hivi, naye mtoto akataka kujua mama anakula nini huko, basi Bella Tamu ilipofunguliwa Dorah akawa anamleta kila siku yake ya kuzaliwa, anavaa gauni, anakaa hapa hapa, anaagiza tambi, ale anachokula mama... hiki! Kwa hiyo miaka yote hiyo mimi nilikuwa hiki, Martina aliwaza, soseji na mayonezi, na kinyaa kikampanda upya, safari hii hakikuwa cha chakula. Mhudumu mwenye kofia nyekundu akapita, akainama upande wa Dorah. "Mama Esta, niwaongezee soda?" Dorah akasema ongeza, kisha akashtuka, akainamia sahani yake, na mhudumu akaenda zake bila kujua amefanya nini, atajuaje, Nyasubi nzima inamwita hivyo, dukani, shuleni, kwenye jumuiya, na huyu mwingine ni nani, huyu ni Mama wa Italia, jina wamempa watoto wa mtaani na yeye alicheka aliposikia, afanyeje. Usimlaumu mtu, alijiambia, nani atalea mtoto asiitwe jina lake. Wanaapolo wawili meza ya jirani, buti zina vumbi jekundu la machimboni, walikuwa wakila pizza kwa kuimwagia pilipili na kusifu, na Martina akawaonea wivu, wanakula wakiwa hawana cha kukilinganisha nacho... hivi ulimi huu uliochukia ni wa nani? Aliondoka hapa na michembe kwenye sanduku, viazi alivyokausha marehemu mama juu ya jiwe, akavichemsha huko akavichanganya na karanga akamwonjesha bibi, bibi akasema ahsante vizuri kabisa na kutemea kwenye kitambaa. Na yule binti wa bibi, Krismasi moja, alikuja na lazanya ya kununua imefungwa na utepe, akamlisha mama yake mwenyewe kijiko kimoja, bibi akatema, akanyoosha shingo kumtafuta Martina, lisha wewe, na binti akatoka ukumbini kulia, na Martina akachukua kijiko huku moyo unacheka, ndiyo, ulicheka, usijifanye, ulifurahi kwamba mama wa watu anakula mkononi mwako. Sasa kibao kimegeuka. Meza basi. Akameza. Likashuka kama kokwa. "Nzuri," akasema, "nzuri sana, mwanangu," na Esta akacheka kidogo, mabega yakashuka, akainamia sahani yake kuendelea, na hapo Martina, mwenye mazoea ya kutazama watu wanavyokula, maana miaka minane hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake, kujua mgonjwa anakula au anajilazimisha, akaona. Mtoto alikuwa hatafuni. Anaweka tambi mdomoni, anafumba macho kidogo, anapiga funda la soda, anameza, shingo inajivuta. Tena tambi, tena soda. Hivyo ndivyo watu wanavyokunywa dawa chungu. Hapendi... Mungu wangu, hapendi, hajawahi kupenda, amechukia kama ninavyochukia mimi, ulimi wangu huo huo, na amekula hivi siku zake zote za kuzaliwa na gauni lake, akimaliza sahani akisema ahsante, kwa sababu ni cha mama. Kitu kikataka kumtoka Martina kifuani, kicheko au nini, damu haipotei, hata kinyaa kinarithiwa, akataka kuruka meza amkumbatie, kisha ikamjia taratibu, ikamtuliza kama maji ya baridi, kwamba mtoto anayeweza kumeza hivi ukimwambia tunakwenda Italia ataitika. Ataitika vizuri, magoti yamekunjwa. Atasema ndiyo mama, atapanda ndege, atalala chumba cha juu, ataona theluji na kusema nzuri, na utamuuliza umezoea, atasema nimezoea, na hutajua, utapika mchuzi toka asubuhi kwa moto mdogo na yeye atamaliza sahani, na hutajua mpaka unazeeka. Mguu wa Dorah ukagusa tena, sasa kwa nguvu, macho yake mekundu, mwambie tumalize, dada. Martina akausukuma mguu ule pembeni.

"Esta," akasema. "Si lazima umalize."

Uma ukasimama hewani. Esta aligeuka, akamtazama Dorah kwanza.