Sanduku la Bosi Limejaa Maua

Jumatatu asubuhi sanduku la barua pepe la bosi wetu, Wirot, lilikuwa limejaa pomoni, na mnunuzi wa Osaka alikuwa anajaribu kututumia oda ya sosi ya samaki. Barua ikamrudia. Akapiga simu: atajaribu tena saa sita, ikigoma ananunua kwingine.

Mimi ndiye mtunza seva wa kiwanda, kwa hiyo lawama zote zikanishukia. Nikalifungua sanduku nione limejaa nini. Maua! Shangazi yake bosi, Sangwan, mhasibu wetu wa ghorofa ya chini, humtumia kila asubuhi picha ya maua yenye rangi ya siku, maana kwetu kila siku ya juma ina rangi yake. Jumatatu njano, Jumanne pinki, na kila picha nzito kama gunia la chumvi.

"Nifute, bosi?"

"Thubutu! Yule kanilea. Akiniuliza lile ua la kijani liko wapi, nitamjibu nini? Niongezee nafasi."

"Seva nayo imejaa."

"Basi kamwambie apunguze. Lakini usinitaje."

Mwoga mkubwa! Nikateremka kwa shangazi, nikamwamkia kwa adabu zote, nikajiumauma.

"Wee Nuan, sema basi, chai yangu inapoa."

Nikasema. Akacheka mpaka miwani ikamdondoka.

"Mwanangu, mwenyewe nimechoka! Lakini kila nikituma ananijibu, 'Zuri mno, shangazi.' Nikiacha si atadhani nimemnunia? Futa yote, nami nipumue."

Nikayafuta. Saa sita oda ikaingia, kubwa kuliko ya mwaka jana, nami nikala wali wangu wa kamba kwa raha ya mtu aliyenusurika.

Jumanne asubuhi bosi akaniita. Alikuwa ameikodolea macho skrini.

"Nuan, sanduku langu lina hitilafu?"

"Hapana, bosi. Nafasi tele."

"Barua zinaingia?"

"Zinaingia."

"Basi mbona shangazi hajatuma?"

Nikamweleza kwamba siku zote hizo walikuwa wanavumiliana tu. Nilidhani atacheka. Hakucheka. Alinyong'onyea kitini kama mtoto aliyesahauliwa shuleni, nikamwonea huruma kwelikweli. Kisha akainuka, akashuka ngazi, yeye ambaye hata salamu za mwaka mpya hutuletea kwa barua pepe. Nikamsikia mlangoni pa uhasibu.

"Shikamoo, shangazi. Umeamkaje?"