Kipande cha Mtu Asiyekula Keki

Mshereheshaji alikuwa mtu wa kuheshimu saa kwa mdomo tu. Aliahidi kufika saa nane mchana, akafika saa tisa na nusu, amebeba daftari na njaa. Mama Keki alimkaribisha jikoni, maana sebule ilijaa maboksi, akamwekea kiti karibu na dirisha. Bibi harusi, mdogo wake Mama Keki, alikuwa amekwisha jikalia, miguu juu ya stuli kama yuko kwake. Na kweli alikuwa kwake. Jikoni humo ndimo alimosomea vitabu vyake vyote na ndimo alimoleta habari za mchumba. Mezani ilikuwepo keki ndogo ya kuonja, bado haijaguswa.

"Tuanze na keki yenyewe," alisema mshereheshaji. "Ghorofa ngapi?"

"Tatu," alijibu Mama Keki. "Ila ya juu na ya kati ni boksi lililopakwa krimu. Keki ni ya chini. Nitafunga utepe mwekundu mahali pa kukata. Wakipeleka kisu juu, shauri yao."

"Nimeshaona bwana harusi akihangaika na boksi mpaka jasho linamtoka! Ikabidi niseme mapenzi ni magumu mwanzoni."

Wote wakacheka. Kisha mshereheshaji akalamba kidole, akafungua ukurasa mpya.

"Wakishalishana wao kwa wao, kipande cha kwanza ni wazazi wa bwana harusi. Cha pili, wazazi wa bibi harusi..." Alisita, kalamu ikiwa hewani.

"Baba mkubwa na mkewe," alisema bibi harusi bila kuinua macho kutoka kwenye orodha yake ya nyimbo.

Wazazi wake walifariki akiwa na miaka sita, na dada yake kumi na tisa. Baba mkubwa alikuja mazikoni, akatoa hotuba nzuri iliyoliza watu, akapanda gari akaenda zake. Tangu hapo walikuwa wakimwona kwenye harusi za watu, meza ya mbele.

"Cha tatu wasimamizi, cha nne kamati. Na dada mtu je?"

"Dada atasimama kando ya meza na kisu na kitambaa. Yeye hali keki."

"Mwoka keki hali keki?"

"Tangu niko mtoto. Inamtia kiungulia."

"Basi ametupunguzia kazi," alisema mshereheshaji, akaandika: Dada, kisu.

Mama Keki aligeukia oveni, ingawa ndani hamkuwa na kitu. Ilimuuma. Ilimuuma zaidi kwa sababu hakuwa na wa kumlaumu ila yeye mwenyewe.

Baada ya mazishi alipata kazi ya kufua vitambaa na kuosha sinia kwenye duka la mikate. Kila Jumamosi mwenye duka aliwapa wafanyakazi kipande kimoja kimoja cha keki, naye alikifunga kwenye karatasi akakileta nyumbani. Siku ya kwanza mtoto aliuliza, "Na wewe?" Mtu mwenye kipande kimoja na mtoto mmoja mbele yake hana majibu mengi. Akasema keki inamtia kiungulia. Uongo ule ulikuwa mdogo, lakini alilazimika kuulea kila Jumamosi pamoja na mtoto. Sasa mtoto anaolewa, na uongo nao ni mtu mzima.

Angeweza kunyamaza. Aliwajua watu waliolea watoto wa ndugu zao, kisha wakawasomea hesabu ya kila kijiko cha uji waliowalisha. Yeye aliapa kwamba mdogo wake hatasikia simango kinywani mwake, na kwa miaka kumi na minane hakusikia. Lakini kipande kile alikitaka. Alitaka aitwe kwa kipaza sauti, apite katikati ya ukumbi na viatu vyake vipya, afunguliwe njia na wale wanaomjua kwa aproni tu. Alitaka mpaka akajionea haya, mtu mzima hovyo.

"Kuna la kuongeza?" Mshereheshaji alianza kufunga daftari. "Ratiba ikishapigwa chapa, haina marekebisho."

Mficha uchi hazai.

"Mimi nakula keki," alisema Mama Keki.

Bibi harusi alicheka. "Dada, acha masihara."

"Nakula. Tena naipenda. Sina kiungulia, na sijawahi kuwa nacho."

Mshereheshaji alifungua tena daftari. Bibi harusi alishusha miguu taratibu kutoka kwenye stuli.

"Kipande kilikuwa kimoja," alisema.

"Kimoja."

"Kila Jumamosi, Dada?"

"Sikusimangi, mdogo wangu. Nilifurahi kukuona ukila, Mungu ni shahidi. Ila kwenye karatasi hiyo, na mimi nataka niwemo."

Machozi yalikuwa yanamtoka bibi harusi, naye hakuyafuta. Alimnyang'anya mshereheshaji kalamu, akakata mstari mmoja, akaandika mwingine juu yake.

"Baba mkubwa atanuna," alionya mshereheshaji.

"Anune. Atakula na kamati."

"Na kisu atashika nani?"

"Wewe."

Bibi harusi akaikata ile keki ya kuonja, upande wenye krimu nyingi, akaja na kipande mpaka mbele ya dada yake. "Fungua mdomo."

Mama Keki alisikia harufu ya vanila na mate yakamjaa. Akaushika mkono ule, akaushusha polepole.

"Rudisha kwenye sahani," alisema. "Makombo ya jikoni nimeyala sana ukiwa shule. Hicho nataka unilishe mbele za watu."