Mateke Kwenye Cherehani

Mkunga aliniambia kila siku nilale ubavu wa kushoto, nihesabu mateke ya mtoto mpaka yafike kumi. Nilale saa ngapi, na sare za shule zimenifika shingoni? Nikawa nahesabu palepale kwenye cherehani ya umeme, tumbo la miezi minane limeegemea meza. Mateke yalikuja tele. Nikamtambia wifi yangu, ninayeshona naye: "Huyu atacheza mpira!"

Leo mchana umeme ukakatika. Cherehani ikanyamaza, na tumbo nalo likanyamaza.

Nikalibonyeza. Nikanywa maji baridi. Kimya. Kumbe iliyokuwa ikitetemeka ni meza. Tangu lini, Mungu wangu?

Wifi alinikokota hadi zahanati, akabaki nje ya mlango. Mkunga alianza kufoka kabla sijapanda kitandani: "Nilikwambia ulale! Wewe husikii la mwadhini wala la mteka maji msikitini!"

Huku akifoka aliniwekea tumboni kipimo cha kusikiliza moyo wa mtoto. Akakisogeza kushoto. Akakisogeza kulia, akakandamiza. Akakirudisha kushoto.

Kisha akaacha kufoka.

"Mwanangu," aliniita taratibu, "umekuja na nani?"